Dondoo muhimu: Historia ya uga ionekane pale inapohitajika
Katika Microsoft Access, tangu toleo la 2007, uga wa maandishi marefu ukiwekewa sifa ya Append Only kuwa Yes hutunza kila badiliko pamoja na tarehe na saa yake. Fomu, hata hivyo, huonyesha maneno ya mwisho tu, na mhudumu asiyeiona ahadi aliyopewa mteja jana anaweza kuikana bila kujua. Kwa hiyo weka kwenye fomu au ripoti kisanduku cha maandishi chenye =ColumnHistory("Wateja","Maelezo","[ID]=" & Nz([ID],0)). Wapo watakaosema kinajaza ukurasa. Kweli, kwenye ripoti ya jumla usikiweke. Kwenye ripoti ya mteja mmoja ndicho ushahidi wenyewe. Jina la aliyebadilisha halitunzwi. Hilo lahitaji jedwali la pembeni. Na usirudishe Append Only kuwa No: historia yote ya uga huo hufutika.