Mfahamu panya kabla ya kumtegea

Je, msomaji, umewahi kuweka sumu ya panya jikoni jioni, na asubuhi ukaikuta haijaguswa huku mahindi yameliwa? Wengi husema sumu ni mbovu, wakarudi kununua iliyo kali zaidi. Kosa si la sumu. Kosa ni kupigana na mnyama usiyemjua, na anayeweza kuumia kwanza ni mtoto anayetambaa sakafuni.

Katika miji ya Meru na Embu, shida hii huzidi baada ya mavuno ya Februari na Machi. Jamaa walio mashambani hutuma magunia ya mahindi, maharagwe na ndengu, nayo huwekwa chini ya kitanda au nyuma ya mlango. Nyumba ya kupanga huwa ndiyo jikoni na ndiyo ghala. Panya naye huhamia.

Anakula nini?

Panya hula karibu kila kitu tulacho, lakini nafaka ndiyo humvutia zaidi. Panya mmoja mkubwa huweza kula gramu 25 hivi kwa siku. Panya 10 wakila hivyo kwa mwaka mmoja, gunia la kilo 90 limekwisha. Hapo hujahesabu chakula kinachoharibiwa kwa mkojo na mavi yake.

Pia anahitaji maji. Sufuria ya githeri iliyolowekwa usiku kucha humpa chakula na kinywaji pamoja.

Tabia yake

Kwanza, panya huogopa kitu kigeni. Mtego mpya ataukwepa kwa siku kadhaa. Akionja sumu kidogo na kuugua, hatairudia. Hawezi kutapika, kwa hivyo huonja kwa hadhari.

Pili, macho yake ni hafifu. Hutegemea pua na sharubu, na hupita kandokando ya ukuta, njia ile ile kila usiku. Alama nyeusi za mafuta ukutani zitakuonyesha njia hiyo.

Tatu, meno yake ya mbele hukua maisha yake yote, hivyo ni lazima atafune. Gunia au ndoo ya plastiki haimzuii.

Nne, huzaana upesi. Mimba yake huchukua wiki tatu hivi, na huweza kuzaa watoto sita au zaidi kwa mara moja.

Hatari kwa afya

Mkojo wa panya huweza kubeba viini vya ugonjwa uitwao leptospirosisi. Viini hivyo huingia mwilini kupitia vidonda, macho au mdomo. Mgonjwa hupata homa, kuumwa na kichwa na misuli, na huenda macho yakawa mekundu au ya manjano. Ni rahisi kudhani ni malaria. Ukipimwa na malaria isionekane, mwambie daktari kwamba nyumbani kuna panya.

Ukiumwa na panya, osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka, kisha nenda hospitalini siku hiyo hiyo. Mavi yake usiyafagie yakiwa makavu. Yanyunyizie maji yenye dawa ya kuua viini, subiri kidogo, kisha pangusa.

Ufanye nini?

1. Hifadhi nafaka ndani ya debe au pipa la bati lenye kifuniko, lililoinuliwa juu ya sakafu.

2. Osha vyombo kabla ya kulala na uondoe takataka.

3. Ziba mashimo kwa saruji au waya wa kusugulia sufuria. Tundu linaloingiza kidole gumba linamtosha panya mchanga.

4. Weka mtego kandokando ya ukuta, upande wa chambo ukielekea ukutani. Tia njugu au ndizi bila kuutega kwa siku tatu au nne. Akishazoea kula hapo, utege.

5. Zungumza na majirani. Ukisafisha chumba chako peke yako, panya atahamia kwa jirani na kurudi kesho.

Tahadhari kuhusu sumu

Usinunue sumu isiyo na maandishi, na usiichanganye na chakula cha nyumbani. Mtoto akiimeza, usimlazimishe kutapika wala usimpe maziwa ukidhani yataiyeyusha. Mkimbize hospitalini pamoja na pakiti ya sumu, hata kama bado anacheza. Sumu nyingine huanza kuonyesha dalili baada ya siku kadhaa.

Basi, leo usiku kabla ya kuzima taa, angalia jikoni mwako. Ukimwachia panya chakula, utamtega mmoja na wengine watakuja. Ukimnyima chakula, maji na mlango, hata mtego mmoja utakuwa na kazi ndogo.