Kizunguzungu Kisichojulikana Chanzo: Mume na Mke Wafanyeje?



Kuna magonjwa yanayoonekana. Mtu akivunjika mguu, majirani huja na maziwa, shemeji huja kupasua kuni, na hakuna anayeuliza kama kweli anaumwa. Lakini yuko mgonjwa mwingine asiye na jeraha, asiye na homa, asiye na bandeji. Husema tu, "Naona dunia inazunguka." Leo husema hivyo, kesho husema hivyo, na mwaka unakwisha bado anasema. Hupelekwa hospitali akapimwa damu, presha na sukari, na majibu yakarudi kwamba kila kitu ni sawa. Hapo ndipo taabu ya pili inapoanza, na taabu hii huwa baina ya mume na mke.

Tuchukue mfano wa nyumba moja, kama zilivyo nyingi. Mama ameshikwa na kizunguzungu kwa miaka miwili. Pesa za karo zimekwenda hospitalini mara tatu. Asubuhi moja anasema, "Baba watoto, leo siwezi kwenda sokoni, nimeshikwa tena." Naye anajibu bila kuinua macho, "Si daktari alisema huna kitu?" Tangu siku hiyo mama hasemi tena. Akishikwa, hujishikilia ukutani mpaka kipite. Mume huona amepona, kumbe amenyamaza.

"Havikuonyesha kitu" si sawa na "huna kitu"

Mwili hujisimamisha kwa kutegemea habari kutoka sehemu tatu: macho, sikio la ndani, na misuli na viungo, hasa vya miguu na shingo. Ubongo huzilinganisha habari hizo kila wakati. Zikipingana, mtu huona kizunguzungu. Sasa kiungo cha sikio kinachohusika kimefichika ndani ya mfupa wa kichwa. Kipimo cha damu hakikifikii, na hata picha ya kichwa inaweza kuwa safi kabisa ilhali mtu hawezi kugeuka kitandani. Kwa hiyo daktari aliyesema vipimo ni safi hakusema kwamba mke wako anajifanya. Amesema tu kwamba baadhi ya milango imefungwa, na kwamba inafaa kubisha hodi mingine.

Muda ni ushahidi

Kizunguzungu hutambuliwa zaidi kwa maelezo kuliko kwa mashine. Daktari mzuri atauliza: Huchukua muda gani? Huletwa na nini? Huja pamoja na dalili gani? Tazameni jinsi majibu yanavyoelekeza njia:

Kikidumu chini ya dakika moja, kikija mtu anapolala, anapogeuka kitandani au anapotazama juu, huenda chembe ndogo za chokaa zilizo katika sikio la ndani zimetoka mahali pake na kuingia katika mirija ya usawa. Mwaka 1952, Margaret Dix na Charles Hallpike wa London walieleza jinsi ya kupima hali hii kwa kumlaza mgonjwa kichwa kikiwa kimegeuzwa, huku macho yake yakitazamwa. Mwaka 1992, daktari Mmarekani John Epley aliandika jinsi ya kuzirudisha chembe hizo kwa kukigeuza kichwa hatua kwa hatua. Kazi hiyo huchukua dakika chache, haina kisu wala dawa, na wengi hupata nafuu mara moja au baada ya kurudia mara chache.

Kikidumu kati ya dakika 20 na saa 12, na sikio moja likavuma, likajaa na kupoteza usikivu, huenda ni ugonjwa ulioelezwa na Mfaransa Prosper Ménière mwaka 1861.

Kikidumu dakika chache mpaka siku tatu kwa mtu mwenye kipandauso, huenda ni kipandauso chenyewe. Si lazima kichwa kiume kila mara.

Kikija anapoinuka, presha huenda inashuka anaposimama, au damu imepungua, au kuna dawa anayotumia inayosababisha hayo. Presha yake ipimwe akiwa amelala, kisha akiwa amesimama.

Kikiwapo karibu kila siku kwa miezi mitatu au zaidi, kama mtu anayeelea, na kikazidi anaposimama, anapotembea au anapokuwa katika umati wa watu na vitu vingi, kuna hali ambayo wataalamu wa nchi mbalimbali walikubaliana jina na dalili zake mwaka 2017. Mara nyingi huanza baada ya shambulio la kizunguzungu au hofu kubwa. Kilichokianzisha huweza kupona, lakini ubongo hubaki katika ulinzi kama askari ambaye hakuambiwa vita vimekwisha. Huo si wazimu wala uvivu. Hutibiwa kwa mazoezi maalumu ya usawa, kwa ushauri nasaha, na pengine kwa dawa anazoandika daktari.

Angalieni basi: aliyeambiwa "huna kitu" mwaka 2010 anaweza kupata jina la ugonjwa wake leo. Arudi aulize tena, na aombe kuonana na daktari wa masikio, pua na koo au wa mishipa ya fahamu. Tena amwambie daktari kama aliwahi kudungwa sindano za gentamaisini au streptomaisini, kwa maana dawa hizo, ingawa huokoa maisha, huweza kuharibu kiungo cha usawa.

Msingoje daftari wala miadi kizunguzungu kikija ghafla pamoja na mdomo kwenda upande, ulimi mzito, kuona vitu viwili viwili, mkono au mguu kulegea, maumivu makali ya kichwa, maumivu ya kifua au kuzirai. Hizo huenda ni dalili za kiharusi au ugonjwa wa moyo. Nendeni hospitali saa hiyo hiyo.

Kazi ya mwenzi: uwe shahidi, usiwe hakimu

Hakimu hukaa mbali akauliza, "Ni kweli au si kweli?" Shahidi huwa karibu, akasema aliyoyaona. Nani awezaye kuwa shahidi wa kizunguzungu cha usiku wa manane kama si yule mnayelala kitanda kimoja?

Nunueni daftari la shilingi chache. Kwa mwezi mmoja andikeni tarehe, saa, alichokuwa akifanya, na muda kiliodumu kwa kutazama saa, si kwa kukisia. Andikeni kama masikio yalivuma, kama kichwa kiliuma, kama alikuwa amekula, dawa alizomeza, na siku za hedhi. Mwenye simu ya kupiga picha za video arekodi macho ya mgonjwa wakati ameshikwa, kwa sababu macho huchezacheza kwa namna inayoweza kumwonyesha daktari mengi. Kisha nendeni wote wawili. Mgonjwa husahau akiwa mbele ya daktari, lakini daftari halisahau.

Jambo la pesa nalo lipangwe. Familia nyingi humaliza akiba kwa kwenda hospitali tano, kila moja ikianza upya. Wekeni karatasi zote katika faili moja, mwende nalo kila mahali. Na mkimpata daktari anayesikiliza, kaeni naye.

Mume, maneno ya nyumbani kwenu ni kazi yako. Mama yako akisema mke ni mvivu, au shangazi akisema amerogwa, usimwachie mgonjwa ajitetee. Sema kwa heshima, "Mama, nimemwona kwa macho yangu. Anaumwa, na tunatafuta dawa."

Na chumbani? Mwenye kizunguzungu huogopa kulala chali na kugeuka ghafla. Usidhani anakukataa. Muulize ni vipi ataona nafuu, mwende polepole, na mwache taa ndogo iwake, maana gizani macho hayawezi kuusaidia mwili.

Kazi ya mgonjwa

Nawe unayeumwa, usinyamaze. Wala usiseme "kizunguzungu" tu. Eleza: chumba kinazunguka, au unaelea, au macho yanaingia giza, au miguu inayumba? Hayo ni mambo manne tofauti.

Usikae kitandani siku zote. Daktari akisharuhusu, tembea kila siku hata kama ni mpaka langoni na kurudi, kwa sababu ubongo hujifunza usawa kwa mwendo. Vidonge vya kutuliza kizunguzungu hufaa kwa siku chache za mwanzo, lakini vikimezwa kwa miezi, huweza kuuchelewesha ubongo kuzoea. Muulize daktari kabla ya kuviacha au kuviendeleza.

Siku ambayo umeshikwa, usipande ngazi, usiendeshe gari wala pikipiki, usiteke maji kisimani peke yako. Akina baba wengi huficha kizunguzungu kwa kuogopa kupoteza kazi ya udereva au ya ujenzi. Baba, mwambie mkeo. Siri hiyo inaweza kuua wewe na abiria wako.

Tena kubali kusaidiwa bila kuwa mfalme. Ukiweza kuchambua mchele umeketi, chambua. Mwenzako naye anachoka, na neno "asante" halihitaji nguvu.

Jina lisipopatikana

Wako watakaotafuta kwa muda mrefu bila jibu kamili. Mlipoahidiana kuwa pamoja katika afya na ugonjwa, hamkusema ugonjwa wenye jina tu. Mnaweza kuendelea kutafuta na papo hapo mkaendelea kuishi: mkaketi karibu na mlango kanisani, mkaenda sokoni asubuhi kabla ya msongamano, mkapanga nani atambeba mtoto. Mgonjwa anayeaminiwa nyumbani huvumilia safari ndefu ya hospitali. Asiyeaminiwa huacha kutafuta, na labda dawa ilikuwa hatua moja mbele yake.

Maswali ya kujadiliana nyumbani

1. Mwenzangu alipolalamika kuumwa mara ya mwisho, nilimjibu nini? Yeye alisikia nini?
2. Je, kuna ugonjwa au udhaifu ninaouficha? Naogopa nini?
3. Tukienda kwa daktari wiki hii, tungeweza kumweleza muda, chanzo na dalili?
4. Ni kazi gani moja ya nyumbani tutakayobadilishana mpaka nafuu ipatikane?

Jibuni kila mmoja kwa zamu, na anayesikiliza asimkatize mwenzake.