Mji Ulio Kama Nyumba Moja

Inchi ya Japani ni visiwa. Chini ya visiwa vile mna moto mwingi, na mahali pengi maji hutoka udongoni yakiwa ya moto. Leo twende kutazama mji mmoja wenye maji ya namna hiyo. Jina lake ni Kinosaki. Uko katika kisiwa kikubwa cha Honshu, karibu na pwani ya Bahari ya Japani.

Mgeni hupanda treni katika mji wa Kyoto, na baada ya saa mbili na nusu hivi anafika. Anaona mto mdogo, na mierebi kando zake mbili, na madaraja ya mawe. Wenyeji husema: «Mji wetu ni nyumba moja tu. Stesheni ni mlango wake. Njia ni ukumbi wake. Nyumba za wageni ni vyumba vya kulala. Nyumba za kuogea ni bafu la wote.»

Mgeni anavua viatu mlangoni, kwa kuwa ndani sakafu ni mikeka minene. Anapewa kanzu nyepesi na viatu vya mti. Jioni watu hutembea njiani wamevaa vile, tajiri na maskini sawasawa, na viatu vyao hulia ko, ko, ko. Wakati wa baridi wanakula kaa waliovuliwa baharini.

Kuoga kuna desturi yake. Wanaume wana upande wao, na wanawake upande wao. Kwanza mtu anakaa kwenye kiti kidogo, anajisugua kwa sabuni, anajimwagia maji mpaka amekuwa safi kabisa. Kisha anaingia polepole katika maji ya moto. Hapo haogi tena; anapumzika tu. Sabuni haiingii humo hata kidogo, kwa sababu maji yale ni ya watu wote.

Lakini mji ule umepata taabu. Tarehe 23 Mei 1925, baada kidogo ya saa tano ya asubuhi, inchi ilitetemeka sana. Moto wa mafiga ulishika nyumba za miti, na karibu mji wote uliungua. Katika jimbo lile watu zaidi ya 400 walikufa. Waliobaki walishauriana. Njia za zamani zilikuwa nyembamba, na moto uliziruka upesi. Basi wenye viwanja walitoa kila mtu sehemu ya kiwanja chake, bila malipo, ili njia zipanuliwe. Mawe yaliyoporomoka mlimani waliyajengea kingo za mto.

Kisha shauri likazuka. Katika mwaka 1927 mwenye nyumba moja ya wageni alitaka kuwa na maji ya moto ndani ya nyumba yake. Alisema: «Maji yametoka katika kiwanja changu.» Wengine walikataa: «Maji ni ya mji. Kila mmoja akifungia maji kwake, wageni hawatatoka tena. Wenye nyumba ndogo na maduka watakula nini?» Kila upande ulikuwa na neno la kweli. Walipelekana mbele ya waamuzi, na majirani walichukiana zaidi ya miaka 20.

Mwisho walipatana, katika mwaka 1950. Nyumba za wageni zimepata ruhusa ya kuwa na bafu ndani, lakini dogo, kwa kipimo. Maji yamekuwa mali ya wote. Na mpaka leo, jioni, wageni hutoka na kutembea njiani.

Watoto, watu wale walitoa sehemu ya viwanja vyao, lakini kugawanya maji kuliwashinda miaka mingi. Kutoa siku ya msiba si kugumu sana. Kugawanya siku ya heri, hiyo ndiyo kazi.

Maneno: mierebi – miti yenye matawi yanayoinama, ukingo – kando ya mto, kuporomoka – kuanguka toka juu, kupatana – kumaliza shauri kwa amani.

Maulizo:
1. Kwa nini mtu hujisugua mbele ya kuingia katika maji ya moto?
2. Watu walifanya nini ili moto usiruke tena njia?
3. Mwenye nyumba alisema neno gani? Majirani walijibu nini?
4. Kwenu kisima au chemchemi ni mali ya nani? Nani hutengeneza?