Kupima Afya ya Udongo kwa Viumbe Waishio Ndani Yake

Mara nyingi somo la udongo huishia ubaoni: kichanga, tifutifu, mfinyanzi, wanafunzi hunakili, kengele hulia. Njia tunayoipendekeza hapa yahitaji jembe, rula, gunia jeupe na shamba la shule, nasi twaiona yafaa kuanzia darasa la tano.

Somo lifanyike wakati wa mvua, asubuhi. Wakati wa kiangazi nyungunyungu hushuka chini sana, na mwanafunzi atakayechimba wakati huo atadhani shamba limekufa. Kila kikundi kipime mraba wa sentimita 25 kwa 25, kichimbe hadi sentimita 30, kiumwage udongo juu ya gunia na kuupekua. Kikundi kimoja kichimbe katikati ya mahindi, kingine chini ya mwembe penye majani yaliyooza, cha tatu kwenye njia ikanyagwayo kila siku. Waandike kila wanachokiona: nyungunyungu, jongoo, tandu, mchwa, mabuu. Tandu ashikwe kwa kijiti, kwani huuma.

Hisabati nayo imo. Mraba huo ni sehemu moja ya 16 ya mita mraba. Basi nyungunyungu 4 shimoni ni sawa na 64 katika mita mraba. Hata hivyo shimo moja halitoshi. Yachimbwe matatu kila mahali, kisha upatikane wastani.

Idadi hizo zina maana gani? Nyungunyungu hula mabaki ya mimea, na vijia vyao huingiza hewa na maji ardhini. Charles Darwin aliandika kitabu kizima juu ya kazi yao mwaka 1881. Mabaki yakichomwa na udongo ukipinduliwa mara kwa mara, hupungua. Tandu huwinda wadudu wengine, hivyo kuwapo kwake kwaonyesha kuwa windo lipo. Mchwa ndiye atakayeleta ubishi, maana wanafunzi wamjua kama adui wa mahindi na wa nyumba. Mwalimu asiukwepe ubishi huo. Katika nchi kavu, ambako nyungunyungu ni haba, mchwa ndiye avunjaye mabaki na kutoboa udongo mgumu. Na pasipo mabaki ya kula, huweza kuigeukia mimea yenyewe.

Tusiwape wanafunzi idadi moja ya kupimia mashamba yote, kwani mvua na aina ya udongo hubadili hesabu. Walinganishe mahali na mahali penye udongo wa namna moja. Jambo hili ni zito kuliko lionekanavyo: mtoto atachimba nyumbani jioni ileile na kumwambia baba yake kuwa shamba lao ni bovu. Afadhali apewe maswali ya kumwuliza mzazi: mabua hupelekwa wapi baada ya mavuno? Shamba lilipumzishwa lini? Majibu yaletwe darasani, yawekwe kando ya hesabu.

Kabla ya kuondoka, viumbe warudishwe shimoni na kufukiwa, maana nyungunyungu hukauka upesi juani.