Pumzi isiyo na akiba

Jamaa wanaoingia katika chumba cha wagonjwa mahututi hushangaa kumkuta mgonjwa mnene ameketishwa nusu, mito na shuka zilizokunjwa zikiwa zimerundikwa chini ya mabega na kichwa. Wengine hunung'unika kwamba amenyimwa nafasi ya kulala vizuri. Kumbe mlalo huo ni sehemu ya matibabu.

Mtu mnene kupindukia akilala chali, tumbo husukuma juu kiwambo, yaani ule msuli unaotenganisha tumbo na kifua. Mapafu hubanwa. Hewa inayobaki ndani baada ya kutoa pumzi, ambayo ndiyo akiba ya mwili, hupungua, ilhali mwili wake hutumia oksijeni nyingi zaidi.

Hatari huonekana anapohitaji mashine ya kupumulia. Kabla ya kumwingiza mpira kooni, daktari humpa dawa ya usingizi na ya kulegeza misuli, naye huacha kupumua. Mtu wa kawaida mwenye afya, akiwa amevutishwa oksijeni vizuri, aweza kukaa dakika 6 hadi 8 kabla oksijeni haijashuka vibaya. Mnene kupindukia ana kama dakika 3 tu. Akiwa na nimonia, hata hizo hazipati.

Ndiyo sababu huinuliwa mpaka tundu la sikio lilingane na kile kishimo kilicho juu ya mfupa wa kidari. Hapo mapafu hukunjuka, na daktari huona njia ya hewa kwa urahisi zaidi.

Mpira ukishaingia, kazi haijaisha. Ukaguzi wa kitaifa wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2011 ulionyesha kwamba kukosa kutumia kipimo cha kabondioksaidi katika pumzi huenda kulichangia zaidi ya asilimia 70 ya vifo vilivyoripotiwa kutokana na matatizo ya njia ya hewa katika vyumba vya mahututi. Kipimo hicho huonyesha papo hapo kwamba mpira umeingia njia ya chakula, au umechomoka mgonjwa alipogeuzwa. Kwa maoni yangu, mashine ya kupumulia isiyo nacho haijakamilika.

Nanyi jamaa, mwambieni daktari mapema iwapo mgonjwa hukoroma sana na kukatika pumzi usingizini, au kama aliwahi kuambiwa baada ya upasuaji kwamba mpira ulikuwa mgumu kuingia. Mkimkuta ameteleza kutoka kwenye mito, msimvute wenyewe. Mwiteni muuguzi.