SOMO: MASHINDANO KAZINI YANAMFAA NANI?



Watu wengi husema kwamba bila mashindano binadamu hawezi kuendelea. Neno hilo lina ukweli. Fundi akiona kazi safi ya mwenzake hupata hamu ya kuongeza ujuzi. Hata mpira hunoga kwa sababu ya ushindani. Lakini katika mpira kila upande una wachezaji 11, sheria zinajulikana kabla ya filimbi, mwamuzi hana upande, na waliofungwa hawakosi chakula kwa kufungwa. Je, mashindano ya kazini yako hivyo?

Tutazame mfano mmoja. Mwaka 1899, katika kiwanda cha chuma cha Bethlehem, Marekani, vibarua walikuwa wakipakia vipande vya chuma kwenye mabehewa, kila kipande kilo 42 hivi. Mhandisi Frederick Taylor, aliyeajiriwa na kampuni, alieleza habari hizo katika kitabu chake cha mwaka 1911. Kwa maelezo yake, kibarua alipakia tani 12 na nusu kwa siku na kulipwa dola 1 na senti 15. Taylor akachagua mtu mmoja mwenye nguvu, akamwahidi dola 1 na senti 85 akifuata kila agizo. Mtu huyo akapakia tani 47 na nusu. Kisha kipimo hicho kikawekewa wenzake.

Sasa tufanye hesabu. Kazi iliongezeka karibu mara nne, lakini malipo hayakufika hata mara mbili. Hapo kwanza kampuni ililipa senti 9 kwa kila tani. Baadaye ikalipa chini ya senti 4. Taylor mwenyewe aliandika kwamba katika kikosi cha watu 75, ni mmoja tu kati ya kila wanane aliyekiweza kipimo hicho. Mshindi alipata senti 70 za ziada. Aliyevuna hasa ni mwenye kiwanda.

Ndugu zetu wanaochuma chai kwa kilo au kukata miwa kwa kipande wanaielewa hali hii. Mwenye mkono mwepesi akimaliza kipande saa nne asubuhi, na kesho yake kipande kikaongezwa kwa wote, basi mama mjamzito, mzee na aliyetoka kuugua wamefungwa bao bila kuingia uwanjani. Na huyo mwepesi naye atachoka siku moja. Mbio za sakafuni huishia ukingoni.

Hatusemi kwamba uvivu ni haki, wala mwenye bidii si adui yetu. Kosa ni kipimo kupangwa na upande mmoja. Kwa hiyo yatupasa kudai mambo matatu:

1. Kipimo kipangwe kwa mapatano na kiandikwe, kwa kadiri ya nguvu za mtu wa kawaida.
2. Asiyekifikia asipunjwe kima cha chini cha mshahara.
3. Mjumbe wa wafanyakazi awepo kwenye mzani.

Hapo bidii ya mmoja itampa zawadi bila kumnyang'anya mwenzake, na mtu ataweza kufurahia ushindi wake pamoja na wenziwe.

Maswali ya kujadiliana tawini:

(a) Kazini kwenu, nani hupanga kipimo cha kazi?
(b) Kilipoongezwa mara ya mwisho, malipo yaliongezwa kwa kiasi gani?
(c) Asiyekifikia hupoteza nini?

Umoja ni nguvu.