Somo: Kijana na Kibarua cha Likizo ya Desemba



Mtihani wa kidato cha nne huisha Novemba, na matokeo hutoka baada ya mwaka mpya. Kwa hiyo mwezi Desemba vijana wengi wa Musoma, Bunda na Butiama huwa nyumbani, na hutafuta kibarua ili wapate nauli, nguo au sare za wadogo zao. Hilo ni jema. Lakini msimu huohuo wapo wanaodhulumiwa, na wapo wanaopelekwa mbali kwa ahadi za uongo. Tujifunze pamoja.

1. Kazi iko wapi?
Mvua za vuli huleta kazi za kulima, kupanda na kupalilia, hasa mashamba ya pamba ya Bunda na Butiama. Mjini Musoma kuna kuanika na kufungasha dagaa mwaloni. Madukani, stendi na nyumba za wageni wateja huongezeka kwa kuwa watu wanarudi nyumbani kwa sikukuu. Kazi za utalii upande wa Bunda zisitegemewe sana: Desemba nyumbu wengi wako kusini mwa Serengeti. Barua za maofisini nazo mara nyingi husubiri Januari. Kijana aende mwenyewe kwa mwenye kazi, na aende mapema.

2. Sheria inasemaje?
Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza kumwajiri mtoto wa chini ya miaka 14. Aliyefikisha 14 anaweza kufanya kazi nyepesi isiyomdhuru wala kumharibia masomo. Aliye chini ya miaka 18 haruhusiwi kuajiriwa mgodini. Wazazi wa jirani na machimbo ya Buhemba wakumbuke hilo.

Saa za kawaida hazizidi 9 kwa siku na 45 kwa wiki. Anayefanya kazi siku ya mapumziko ya kitaifa, kama Desemba 9, 25 na 26 au Januari 1, hulipwa mara mbili kwa kila saa. Aliyenyimwa ujira apeleke lalamiko Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 60. Asisubiri hadi Pasaka. Kwa sababu hiyo aandike kwenye daftari siku alizofanya kazi na kiasi walichopatana.

3. Ahadi za mbali
Akija mtu kutafuta msichana wa kazi za ndani Mwanza au Dar es Salaam, tumwulize: mwajiri ni nani, anaishi mtaa gani, mshahara ni kiasi gani, na nani atalipa nauli ya kurudi? Asiyeweza kujibu mbele ya mzazi na mwenyekiti wa kijiji asikabidhiwe mtoto. Usafirishaji haramu wa binadamu ni kosa kwa sheria ya mwaka 2008. Ukiwa na wasiwasi juu ya mtoto, piga 116 bila malipo. Tena, kuomba kazi serikalini hakulipiwi. Anayedai "pesa ya fomu" ni tapeli.

Maswali ya kujadili
- Ni vijana wangapi wa parokia yetu wameondoka kwenda kufanya kazi, na nani anajua waliko?
- Nani katika kamati atawasindikiza wanaodai ujira wao?
- Wafadhili wetu, je, jembe na mabuti kabla ya vuli si msaada wa kudumu kuliko zawadi ya siku moja?